Riwaya za Mafumbo na za Kihistoria Ninazowapendekezea Wasomaji Wenzangu

Wapenzi wengi wa riwaya za upelelezi huzikwepa riwaya za kihistoria kwa kuhofia kuchoshwa na tarehe na majina ya wafalme, na wapenzi wa historia nao huziona riwaya za upelelezi kuwa burudani ya kupitishia muda tu. Mimi nazipenda zote mbili, na miaka ya karibuni nimevutiwa zaidi na zile ambazo ni vyote viwili kwa pamoja, yaani zenye fumbo la kufumbuliwa ndani ya zama zilizokwisha kupita. Nikimaliza kuisoma riwaya ya namna hiyo, hujiuliza iwapo uhalifu uliosimuliwa ungeweza kuhamishiwa katika siku zetu bila kupotea kitu. Ikiwa ungeweza, basi historia ilikuwa pambo. Lakini ikiwa ni sheria za wakati ule, mbinu za uchunguzi za wakati ule, na wale walioshika madaraka wakati ule ndivyo vilivyoufanya ukweli ufichike au ufichuke, basi hiyo ni riwaya ninayoweza kumpa mtu mwingine kwa moyo mkunjufu.

Sisi tuliomsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, tumezoea mpelelezi mtulivu anayekiona kile ambacho wenzake wamekipita, na ambaye mwishoni huwakusanya watu akayaweka mambo yote hadharani. Katika riwaya ninazozitaja hapa, mtu wa aina hiyo mara nyingi hayupo kabisa, na akiwepo, anauona ukweli lakini wenye mamlaka hawataki kumsikiliza. Hapo ndipo uchungu wa riwaya hizi ulipo, na ndipo utamu wake ulipo pia.

Naanza na The Fortune Men ya Nadifa Mohamed, iliyotoka mwaka 2021 na kufika katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo, kwa sababu ndiyo iliyonigusa kuliko nyingine zote. Imejengwa juu ya kisa cha kweli cha Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyeishi Cardiff, mji wa bandari wa Wales, katika mtaa wa Tiger Bay uliojaa mabaharia kutoka pembe zote za dunia. Mwezi Machi mwaka 1952 mwanamke mmoja mwenye duka aliuawa kwa kukatwa koo, na Mattan akakamatwa, akashtakiwa, na kunyongwa tarehe 3 Septemba mwaka huohuo. Hukumu yake ilikuja kutenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1998, miaka 46 baadaye. Sijaharibu utamu wa kitabu kwa kuyasema haya, kwa kuwa riwaya yenyewe haitegemei msomaji kutojua mwisho. Inachokifuatilia ni jinsi mtu asiye na hatia anavyosukumwa hatua kwa hatua mpaka kwenye kitanzi, huku yeye mwenyewe akiamini kwa muda mrefu kwamba mahakama za Uingereza haziwezi kumnyonga mtu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba mwandishi hakumfanya Mattan kuwa malaika. Anacheza kamari, anaiba vitu vidogo vidogo, ana kiburi, ana ulimi mkali, na amekwisha kutengana na mkewe, mwanamke wa Wales aliyemzalia watoto watatu wa kiume, ingawa bado anampenda. Tabia hizohizo ndizo zinazowarahisishia kazi polisi na mashahidi. Katika kesi yenyewe, wakili aliyepewa kazi ya kumtetea ndiye aliyesimama mahakamani na kumweleza mteja wake kama mtu nusu mshenzi, jambo ambalo halikubuniwa na mwandishi wa riwaya. Vilevile, mwandishi amelibadilisha jina la mwenye duka aliyeuawa na kumpa dada yake nafasi kubwa ya kusema, hivi kwamba msomaji haombolezi kifo kimoja na kukisahau kingine. Waandishi wengi wa riwaya za mauaji humwacha marehemu awe chanzo cha kisa tu, na hilo limekuwa likinisumbua siku zote.

Kutoka hapo nawapeleka kwenye The Frozen River ya Ariel Lawhon, ya mwaka 2023, ambayo ina umbo la upelelezi kamili. Ni majira ya baridi ya mwaka 1789 katika mji wa Hallowell, Maine, nchini Marekani, na mwili wa mwanamume umekutwa umenaswa ndani ya barafu ya mto Kennebec. Mkunga Martha Ballard anaitwa kuuchunguza, naye anaona alama zinazoonyesha kuwa mtu huyu alipigwa na kunyongwa kabla ya kutupwa mtoni, ilhali daktari kijana mwenye elimu ya chuo anatamka kuwa ni ajali ya kuzama. Marehemu ni mmoja wa wanaume wawili walioshutumiwa kumbaka mke wa mchungaji, na wa pili ni hakimu wa palepale mjini.

Martha Ballard aliishi kweli, na aliandika shajara karibu kila siku kuanzia mwaka 1785 hadi 1812, akinakili hali ya hewa, safari zake za kuvuka mto na watoto aliowazalisha. Mwanahistoria Laurel Thatcher Ulrich aliisoma shajara hiyo kwa uangalifu mkubwa, na kitabu chake kuihusu kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Lawhon anaichukua mistari hiyo mifupi na kuigeuza kuwa ushahidi. Kuna desturi moja ya kisheria ya zama zile ambayo riwaya inaitumia kwa ustadi: mwanamke asiye na mume akiwa katika uchungu wa kuzaa, mkunga alimuuliza jina la baba wa mtoto, kwa imani kwamba hakuna anayeweza kusema uongo katika saa ile, na jina lililotajwa lilikuwa na uzito mahakamani. Kwa hiyo mkunga hakuwa mzalishaji tu, bali pia mtunzaji wa siri za mji mzima, na shajara yake ilikuwa kitu cha kuogopwa na watu wenye mengi ya kuficha. Ukiiondoa desturi hiyo, riwaya haisimami. Lawhon amebadilisha baadhi ya matukio ya kweli, na anaeleza mwishoni ni yapi; nashauri maelezo hayo yasomwe baada ya sura ya mwisho, kwa kuwa ukiyatanguliza yatakuharibia mambo mawili matatu.

An Officer and a Spy ya Robert Harris si mpya sana, kwani ilitoka mwaka 2013, lakini sijaona riwaya ya karibuni inayoonyesha kazi ya upelelezi wa nyaraka vizuri kuliko hii. Inahusu kesi ya Alfred Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa kwa uhaini mwaka 1894 na kupelekwa kifungoni katika Kisiwa cha Shetani. Msimulizi ni Georges Picquart, afisa anayekabidhiwa uongozi wa idara ya ujasusi wa jeshi baada ya hukumu hiyo, mtu ambaye hana mapenzi yoyote kwa Wayahudi na ambaye mwanzoni hana shaka kuwa Dreyfus ana hatia. Msafishaji katika ubalozi wa Ujerumani mjini Paris hukusanya karatasi zilizochanwa kutoka kwenye kapu la taka na kuzikabidhi kwa majasusi, nao huketi mezani wakiunganisha vipande kimoja kimoja. Katika vipande hivyo linajitokeza jina la afisa mwingine, Esterhazy. Baadaye Picquart anaipata barua iliyoandikwa na mtu huyo, anaiweka pembeni mwa hati iliyomtia Dreyfus hatiani, na kuona kwamba mwandiko ni uleule. Nimeyasoma maelezo ya wakati huo mara nyingi, na kila mara moyo hunienda mbio, ingawa tangu mwanzo nilikuwa nafahamu atakachokiona. Taharuki yote iliyobaki inatokana na swali kubwa zaidi, nalo ni nini kitamfika afisa anayekwenda kwa wakubwa wake na kuwaambia kwamba wamemfunga mtu asiyehusika.

Kwa anayependa mfululizo wenye mpelelezi yuleyule, A Rising Man ya Abir Mukherjee, ya mwaka 2016, ni mlango mzuri. Kapteni Sam Wyndham, aliyetoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amevunjika moyo na kuzoea afyuni, anawasili Calcutta mwaka 1919 na kukuta afisa Mwingereza ameuawa, huku karatasi ya onyo ikiwa imesokomezwa kinywani mwake. Anayemsaidia ni Sajini Banerjee, kijana Mhindi msomi, na uhusiano wa wawili hao ndio unaonifanya nirudi kwenye vitabu vilivyofuata. Fumbo lenyewe ni la kawaida kidogo, ila hali ya mji ulio chini ya sheria kali za kikoloni imechorwa vyema.

His Bloody Project ya Graeme Macrae Burnet, ya mwaka 2015, iende kwa wasomaji wanaopenda kufanya kazi ya upelelezi wao wenyewe. Imeandikwa kana kwamba ni mkusanyiko wa hati kuhusu mauaji ya watu watatu katika kijiji cha nyanda za juu za Scotland mwaka 1869, na muuaji anafahamika tangu kurasa za kwanza. Hati hizo hazikubaliani. Zisomeni ripoti za madaktari polepole, kisha mrudi kwenye maelezo ya yule kijana muuaji mwenyewe.

Fumbo la aina nyingine kabisa, lisilo na maiti mlangoni, limo katika La plus secrète mémoire des hommes ya Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, iliyoshinda Tuzo ya Goncourt mwaka 2021 na ambayo sasa inapatikana kwa Kiingereza pia. Kijana mwandishi aishiye Paris anakipata kitabu kilichochapishwa mwaka 1938 na Mwafrika aitwaye T. C. Elimane, ambaye alisifiwa mno, akashutumiwa kuiba maandishi ya wengine, kisha akatoweka. Elimane ni mhusika wa kubuni, lakini nyuma yake yumo Yambo Ouologuem wa Mali, aliyepata Tuzo ya Renaudot mwaka 1968, akapatwa na shutuma kama hizo, na kurudi kwao kuishi kimya mpaka alipofariki mwaka 2017. Ni riwaya ndefu, sauti za wasimulizi hupokezana bila kuarifu, na mazungumzo ya vijana waandishi katika sehemu ya mwanzo yanaweza kumchosha mtu. Namwomba msomaji avumilie, kwa sababu mara utafutaji unapoanza kupita katika barua na kumbukumbu za watu waliomjua Elimane, kitabu hakiwekeki chini.

Namalizia na Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020, ambayo wengi wataipanga katika rafu ya historia peke yake. Mimi naisoma pia kama riwaya ya fumbo. Ilyas, kijana aliyelelewa na kusomeshwa na Wajerumani, anajiunga kwa hiari na jeshi lao la askari katika Afrika Mashariki na kumwacha dada yake mdogo Afiya, na hakuna anayejua yaliyompata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maisha yanaendelea kwa upole na mapenzi makubwa kati ya Afiya na Hamza, mwenyewe askari aliyejeruhiwa, lakini swali la Ilyas linabaki ndani ya nyumba mpaka kizazi kinachofuata kinapoanza kulitafutia jibu katika kumbukumbu zilizohifadhiwa Ujerumani. Asiyemjua Gurnah anaweza kutanguliza Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, kwa kuwa kisa chake kinatukia katika miaka inayotangulia vita hivyohivyo.