Paini nene si lazima iwe mti wa mbegu

Ukipita kwenye mashamba ya miti ya Mlima Meru, Arusha, kuanzia Olmotonyi kupanda juu, jicho linakimbilia paini nene. Kwa anayetafuta mti wa mbegu, unene peke yake unadanganya. Unene hutegemea sana nafasi: mti wa kando ya barabara unajipatia jua na maji kuliko wenzake wa ndani, kwa hiyo huo usiuhesabu kabisa. Uzito wa mbao kwa ujazo wake, yaani densiti, hurithiwa kwa nguvu zaidi kuliko unene.

Anza kwa macho. Linganisha mti na majirani watano wakubwa wa umri uleule: urefu, unyoofu wa shina, wembamba wa matawi. Unaowashinda ndio utobolewe.

Tumia keekee yenye uwazi ndani, inayotoa kijiti cha mbao (sampuli) cha milimita 5; toboa mita 1.3 kutoka ardhini, toka gome hadi kiini. Kwenye mteremko toboa ubavuni. Paini iliyoinama hujenga mbao nzito nyekundu upande wa chini, mbao inayopinda ikikauka, na uzito huo si ule unaoutaka. Ichomoe keekee mara moja, la sivyo mti utaibana.

Kazi nyingi huharibikia njiani. Sampuli ikikaukia kwenye gari husinyaa, ujazo unapungua, densiti inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Itie kwenye mrija wa soda, ziba ncha zote mbili, andika namba ya mti. Ukifika, iloweke mpaka izame.

Ujazo usiukokotoe kwa kupima kipenyo, tafadhali. Ukikosea milimita 0.1 tu kwenye sampuli ya milimita 5, ujazo unapotoka kwa asilimia 4 hivi, na tofauti kati ya mti na mti inaweza kumezwa humo. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, zamisha sampuli kwa sindano bila kugusa bilauri. Kila gramu inayoongezeka ni sentimita moja ya ujazo. Kisha kausha kwenye oveni, nyuzi 103, hadi uzito usishuke tena. Gramu 0.82 kavu kwa ujazo wa 1.96 ni kama kilo 420 kwa mita ya ujazo. Sampuli ya paini yenye utomvu mwingi iloweke kwanza kwenye asetoni, maana utomvu nao una uzito.

Wengi huteleza kwenye wastani. Nusu ya ndani ya sampuli inawakilisha robo tu ya eneo la shina. Ndani ikiwa 380 na nje 460, jibu ni 440, si 420. Kwa hiyo kata sampuli katikati, pima kila kipande peke yake.

Na usishindanishe paini ya miaka 12 na ya miaka 25. Mbao ya karibu na kiini ni nyepesi, na mti mchanga karibu wote ni mbao hiyo.