Nikisevu, zinaenda wapi?

Jumapili jioni, Moshi. Mvua haijakatika tangu mchana, na mlima hatujauona siku ya tatu leo. Nimekaa na daftari nikipanga mada za miezi ijayo za kikundi chetu cha watumiaji wa kompyuta. Ukurasa nilioujaza wiki iliyopita nimeuchana.

Ulikuwa na mada nilizozipenda: Linux tangu Linus Torvalds alipoianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, aina za mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha kompyuta, kama Windows na hiyo Linux), usalama mtandaoni. Aliyenifanya niuchane ni mama mmoja anayeuza mitumba Kiborloni. Mkutano uliopita kijana wetu alizungumza karibu saa nzima kuhusu mifumo endeshi, na alijiandaa kwelikweli. Mwishoni yule mama akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mimi nikisevu hesabu zangu, zinaenda wapi?" Akajibiwa, "Kwenye diski, mama," na swali lingine likapokelewa. Nilimwona akiandika *diski* kwenye karatasi yake, akalipigia mstari, akanyamaza. Ule mstari umenikaa moyoni wiki nzima.

Basi mada ya kwanza itakuwa swali lake, neno kwa neno. Nimeshapata na namna ya kulieleza. Unapoandika, kazi yako iko kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme ukikatika RAM haibaki na kitu. Kusevu ni kuipeleka kazi hiyo kwenye diski, ambako inakaa hata mashine ikizimwa. Mtu wa mitumba anakijua kisa hiki kuliko mimi: kuna nguo ulizotandaza kwenye turubai, na kuna belo ulilofungia stoo. Mvua ikishuka ghafla, hasara ni ya turubai.

Halafu anwani. Mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji: folda ndani ya folda, hadi mlangoni kwa faili lenyewe. Ukifika hapa mjini ukaulizia kwa Massawe, utaulizwa Massawe yupi, wa wapi. Ndivyo mafaili mawili yenye jina moja yanavyoweza kukaa folda tofauti bila kugombana, na ndivyo mtu anavyofungua *hesabu* ya zamani akadhani kazi ya jana imepotea. Hapa nataka tutulie muda mrefu, kila mtu asevu faili lake, alifunge, alitafute mwenyewe.

Vijana hawajafurahi. Wanataka Linux iwe ya kwanza, na sababu yao ina uzito: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, hazikidhi masharti ya Windows 11. Nakubali kabisa kwamba tusichelewe. Lakini kubadilisha mfumo kunaweza kufuta diski yote. Mtu asiyejua hesabu zake ziko wapi atazinakili vipi kabla ya siku hiyo? Siwezi kumruhusu mtu afike hapo akiwa gizani.

Kwa hiyo mwezi wa pili ni flashi: kunakili, kuhakikisha nakala inafunguka, na kwa nini tusiichomoe tu. Mashine inaweza kuwa bado haijamaliza kuandika, hata kama kwenye kioo kazi inaonekana imekwisha. Mwezi wa tatu vijana watapata Linux yao. Tutaiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, watu waizunguke na kubofya watakavyo, diski isiguswe.

Lugha nayo nimeifikiria. Mzungumzaji aseme *kusevu* kama tunavyosema wote, kisha aonyeshe na neno *hifadhi*, maana lipo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile inastahili kukumbukwa na watu wanaojifunza kwa lugha hiyohiyo.

Na msaidizi asiguse kipanya cha mtu. Hili nitalisimamia mwenyewe. Nimeona mara nyingi mno mkono wa mjuzi ukipita juu ya mkono wa mwanafunzi, mara tatu bofya, tatizo limekwisha, na mwenye kompyuta hajui kilichofanyika. Mikono nyuma, tuelekeze kwa mdomo, hata ikichukua dakika kumi.

Nimempigia yule mama jioni hii. Baada ya shikamoo nikamwomba Jumamosi aje saa moja kabla ya wenzake, nimweleze yeye kwanza, na nikimchanganya popote anisimamishe hapohapo. Akauliza, "Sasa mwanangu, nije na daftari langu la hesabu au nije na flashi?"

Nimemwambia aje na vyote viwili.