Kumbukumbu ya ndege yangu: bawa la mbele limepata boriti

Bawa la mbele sasa lina boriti, ule mhimili wa ndani unaobeba mzigo. Liko juu ya meza ndefu ya karakana, nyuma ya nyumba yetu hapa Jinja, Uganda, na ni kipande cha kwanza cha ndege hii ambacho ukikishika ncha zote mbili na kujaribu kukipinda, kinakugomea.

Kwa wanaoanza kufuatilia: ninajenga Long-EZ, ndege ya watu wawili iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1979. Injini na propela ziko nyuma, bawa dogo, ndilo hilo la mbele, liko puani, na mwili wote ni foamu iliyovikwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi. Kampuni yake iliacha kuuza michoro mwaka 1985, kwa hiyo ninatumia seti ya zamani niliyoachiwa na mzee mmoja mpenda ndege.

Anayejenga ndege ya alumini hununua bati ambalo nguvu yake ilishapimwa kiwandani. Mimi malighafi yenyewe ninaizaa hapa mezani. Kitambaa kikiwa peke yake ni nguo tu, na epoksi ikiwa peke yake ni gundi. Nguvu inapatikana zinapokutana, kwa kipimo sahihi, katika joto sahihi. Ndiyo maana katika karakana hii mizani na kipimajoto naviheshimu kuliko msumeno.

Wengi wananiuliza kwa nini situmii rezini ya poliesta, ile ya mafundi wa bampa na boti, ambayo ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu. Jibu ni kwamba ina stairini, na stairini inayeyusha foamu ya polistareni. Ukiimwaga juu ya bawa utabaki na shimo. Petroli nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo kuta za matangi hutengenezwa kwa foamu ya aina nyingine. Ile ya yurethani nayo ina sharti lake: haikatwi kwa waya wa moto kamwe, kwa sababu moshi wake ni sumu. Ni kisu na msasa tu.

Polistareni ndiyo tunayoikata kwa waya. Violezo viwili vya plaiwudi, kimoja kila upande wa bonge la foamu, vina namba pembeni, ili ncha zote mbili za waya ziende sambamba. Mimi nashika ncha moja ya waya, mpwa wangu nyingine, umeme tunautoa kwenye betri ya gari ili ukikatika mtaani sisi tuendelee. Yeye ndiye anayetaja namba: “Kumi na mbili, mjomba... nusu... kumi na tatu.” Tukienda haraka, katikati ya waya hubaki nyuma na bawa hutoka na bonde lisiloonekana kwa macho, ila rula inalijua. Amekuwa na mkono mtulivu kuliko wangu, na nafurahi sana kuona hivyo.

Umbo la bawa lenyewe nililifikiria sana. Michoro ya awali ilitumia umbo ambalo marubani waligundua kwamba likilowa mvua hupoteza sehemu ya nguvu ya kunyanyua, pua inashuka, na rubani analazimika kuvuta usukani. Baadaye John Roncz alibuni umbo jipya, R1145MS, lisilojali mvua kiasi hicho. Kwa mtu anayeishi kando ya Ziwa Viktoria, ambako wingu linaweza kujengeka mchana mmoja na kumwaga maji kabla ya jioni, sikuona cha kujadili. Bawa letu ni la Roncz.

Kwenye boriti nyuzi zina kazi mbili. Za juu na chini hulala kwa urefu wa bawa, zibebe mzigo wa kupinda. Za ukuta wa kati hulala mshazari, kwa pembe ya digrii 45, zibebe mkato, yaani nguvu inayotaka kuzitelezesha sehemu zake zipishane. Hapo nilimwomba jirani yetu, fundi cherehani, anisaidie kukata. Alikitazama kitambaa, akakivuta kidogo kwenye pembe, akasema, “Mwanangu, mshazari huu utavutika ukiubeba mkononi. Uviringishe kwenye bomba.” Tukauviringisha kwenye bomba la plastiki, tukaukunjua juu ya foamu, ukalala bila hata kukunjamana. Mama huyu amekata magauni maisha yake yote. Nimemwomba aje tena siku ya ngozi ya bawa, yaani tabaka lake la nje.

Kabla ya kitambaa, foamu hupakwa epoksi iliyochanganywa na vitufe vidogo vya kioo vyenye uwazi ndani, ili vinyweleo vyake visinywe epoksi na kuongeza uzito. Halafu kitambaa, halafu epoksi, halafu kazi ndefu ya kukamua kwa kipande cha plastiki. Weupe maana yake hewa imebaki. Dimbwi linalong'aa maana yake uzito wa bure. Nalenga epoksi isizidi asilimia 40 ya uzito wote, na kila kikombe kinapimwa na kuandikwa daftarini.

Hali ya hewa yetu ina tabia zake. Asubuhi kuna unyevu mwingi, na epoksi ikikaukia humo huota utando kama nta. Utando huo unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu kabla ya msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu. Mchana joto likipanda, epoksi iliyoachwa kwenye kikombe hujichemsha yenyewe, basi naimimina mara moja kwenye sinia pana. Saa nne hadi saa nane mchana ndiyo nafasi yangu nzuri.

Rangi itakuwa nyeupe, na hilo halina mjadala chini ya jua la ikweta: rangi nyeusi inaweza kupata joto kali hadi epoksi ya aina hii ilegee.

Na kwa wanaouliza itaruka wapi: lami tu. Propela ikiwa nyuma, magurudumu huirushia kila kokoto, na viwanja vingi vya mikoani ni murramu na nyasi. Soroti ina lami, Gulu ina lami, Entebbe pia.

Kinachofuata ni ngozi ya chini ya bawa, mara mvua zikipungua. Vitambaa vimeshapimwa; tunasubiri katoni ya kigumishi cha epoksi iliyoko njiani kutoka Mombasa.