Jina la faili lijitosheleze: ninavyopanga kazi zangu za darasani

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kila muhula karatasi ni nyingi: maandalio ya somo, notisi, majaribio, mitihani, miongozo ya usahihishaji, orodha za alama. Zamani mpangilio wote niliuachia folda. Ndani ya folda ya Kidato cha Pili kulikuwa na folda ya mitihani, na ndani yake faili liliitwa "Ngeli" basi. Kwenye kompyuta yangu lilieleweka. Lakini faili halikai mahali pamoja. Nalituma kwa WhatsApp kwa mwalimu mwenzangu, naliweka kwenye flashi kwenda steshenari, na folda zote zinabaki nyumbani. Kijana wa steshenari akifungua ile flashi anakuta "Ngeli", "Ngeli (1)" na "Ngeli mpya". Atajuaje lipi ni la maswali na lipi ni la majibu?

Kwa hiyo sasa jina lenyewe linabeba kila kitu: tarehe, kidato, mada, aina ya kazi. Kwa mfano: 2024-03-11_kd2_ngeli_jaribio_maswali. Lile la majibu linafanana nalo kila kitu, ila linaishia na "mwongozo". Yanakaa jirani kwenye orodha, na neno la mwisho ndilo linaloniambia lipi liende kudurufiwa na lipi libaki kwangu.

Tarehe ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Kompyuta hupanga majina kuanzia herufi ya kwanza kushoto. Ukiandika miezi kwa maneno, Agosti inatangulia, inafuata Aprili, kisha Desemba. Januari unaikuta katikati. Ukianza na siku, tarehe 2 za miezi yote zinakusanyika pamoja. Ukianza na mwaka, ukafuata mwezi, kisha siku, mafaili yanajipanga yenyewe kama kazi zilivyofuatana. Si mtindo wangu. Ni kanuni ya kimataifa, ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Sifuri ya mbele usiiache: andika 03, maana kuna programu zinazoiweka 10 kabla ya 3. Na mkwaju wa 11/3/2024 hauandikiki kabisa kwenye jina la faili. Windows inaukataa, pamoja na nukta mbili na alama ya kuuliza.

Neno "mwisho" nimelipiga marufuku. Mtihani huwa unarudi kutoka kwa mkuu wa idara na masahihisho, na baada ya "mwisho" linakuja "mwisho kabisa". Naandika v1, v2, v3. Toleo ambalo wanafunzi walilifanya kweli naliongezea "umefanyika", kwa sababu mwakani hilo ndilo nitakalolitafuta.

Mafaili ya miaka ya nyuma sikuyagusa yote kwa mkupuo. Niliyaweka kwenye folda moja, na kila ninapolihitaji mojawapo ndipo nalibadilisha jina. Kwenye Windows ni haraka: bonyeza F2, andika jina, bonyeza Tab, unahamia faili linalofuata bila kushika kipanya.

Picha ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Nikipiga picha ya ubao au ya insha nzuri ya mwanafunzi na kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, huko inakofika inaitwa kitu kama IMG-20240311-WA0004, hata kama mimi niliipa jina zuri. Nikiituma kama dokumenti, jina linabaki lilivyo na picha haipungui ubora. Walimu wenzangu wa somo tumekubaliana tutumiane hivyo, na tufupishe vidato kwa namna moja: kd1 hadi kd4, kwa herufi ndogo. Sasa nikitafuta "kd3_insha" kwenye simu, zinakuja zangu na zao pamoja.