Wakili wa Hyderabad alisema maneno matatu nikaelewa bila mkalimani

Wadogo zangu mnaokuja India kusoma naomba msome hii mpaka mwisho, imetokea juzijuzi hapa Tolichowki, mtaa wa Hyderabad, na bado inaniuma. Kuna binti wa kwetu Tanga, ananiita kaka, alimkabidhi wakala rupia 85,000 amlipie ada ya muhula. Nilikuwepo. Noti za 500 tupu kwenye bahasha ya kaki zimefungwa mpira, jamaa akazihesabu mara mbili mbele yetu na akaandika WhatsApp kabisa kwamba ada kapokea kesho anapeleka chuoni. Wiki tatu baadae chuo kinamwambia binti hujalipa kitu, mtihani hufanyi. Alilia pale kwenye ngazi za ofisi ya uhasibu mpaka nikakosa la kumwambia.

Tukaenda kwa wakili, mzee mmoja anayeongea Kiurdu cha hapahapa, akasoma zile meseji akavua miwani akasema "amanat mein khayanat". Mwili ulinisisimka jamani. Amana na hiyana, yaani kula mali uliyokabidhiwa! Yaani kosa lenyewe huku linaitwa kwa maneno ya bibi yangu, na polisi ndivyo wanavyolitaja.

Zamani lilikuwa kifungu cha 405 na 406 cha sheria ya adhabu ya mwaka 1860, kifungo mwisho miaka 3. Tangu tarehe 1 Julai 2024 kuna sheria mpya, Bharatiya Nyaya Sanhita, liko kifungu cha 316, sasa ni mpaka miaka 5, na kama aliyekula ni wakala au dalali aliyekabidhiwa mali kwa kazi yake hiyo anaweza kufungwa hata maisha. Cha kuonyesha ni kwamba ulimkabidhi, kwa kazi fulani, na ye akazigeuza zake kwa nia mbaya. Ndo maana zile meseji ni dhahabu, msifute.

Nikaona hapohapo nimuulize na la kwangu, mwenye nyumba wa zamani kakalia dipoziti yangu rupia 40,000. Akasema hapana mwanangu, hilo kwa kawaida ni madai, mpelekee notisi akikaidi mfungulie kesi ya madai kabla miaka 3 haijapita. Nilibisha sana, kwangu mi wote wezi. Akanipa mfano wa kesi ya Delhi Race Club, klabu ya mbio za farasi, mtu aliwauzia chakula cha farasi hawakumlipa akawashtaki kwa jinai, Mahakama ya Juu Agosti 2024 ikasema ukishauza mali sio yako tena, hukuiweka amana, unadai deni. Na kama mtu alipanga kukutapeli tangu mwanzo hilo ni kosa lingine, kifungu cha 318, na hela ileile haiwezi kuwa utapeli na hiyana kwa pamoja. Inauma ila nimeikubali, deni lisiwe jela.

Ya binti tukapeleka polisi, meseji zote tumezichapa. Wiki iliyofuata jamaa karudisha 50,000 na anaomba tusaini karatasi kwamba yameisha. Wakili kakataa. Chuo kimepokea hizo 50 binti kafanya mtihani, 35,000 zilizobaki tunachanga wenyewe kwanza, na malalamiko hatujayaondoa.