Kabla ya kununua inveta ya mota, soma kibati chake

Maseremala wengi wa hapa Kisumu wakinunua randa au msumeno mkuukuu uliotoka kiwandani, hukuta kwamba mota yake ni ya fezi tatu, yaani ya kuletewa umeme kwa nyaya tatu za moto, ilhali stima ya karakana ni ya fezi moja, volti 240. Ushauri wanaopewa upesi ni kuing'oa mota hiyo na kuweka nyingine. Siuafiki hata kidogo, kwa kuwa mota ya fezi tatu haina kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) ya kuungua wala swichi ya ndani ya kuwashia, na ikitunzwa hudumu miaka mingi.

Badala ya kuing'oa, iendeshe kwa inveta ya mota, ambayo si ile ya sola. Inveta hii hupokea fezi moja, huigeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri, kisha hutengeneza fezi tatu. Hata hivyo, ile ya kawaida haipandishi volti: ukiipa 240, hutoa zisizozidi 240 kati ya fezi na fezi, wala si 415 za laini ya fezi tatu.

Kwa hiyo kibati cha mota, yaani kile kipande cha bati chenye maelezo yake, ndicho kinachoamua. Kikiwa kimeandikwa 230/400 au 240/415, mota hiyo itafaa ikiunganishwa kwa pembetatu, namna ya kuunganisha koili zake inayodai volti za namba ndogo; namba kubwa ni ya namna ya pili, iitwayo nyota. Zima stima, ufungue kisanduku cha nyaya. Kwa kawaida utaona skrubu sita katika safu mbili, pamoja na vipande vya shaba. Vipande hivyo vikilala na kuunganisha skrubu tatu za safu moja, hiyo ni nyota. Vifungue, uvisimamishe vitatu, kila kimoja kikishika skrubu ya juu na iliyo chini yake, nawe umepata pembetatu. Ukiiacha katika nyota itazunguka, lakini kwa takribani theluthi moja tu ya nguvu zake za kusokota, na ubao mgumu utaisimamisha huku ikipata joto la kuunguza koili. Kibati cha 400/690 ni habari nyingine, kwani hata pembetatu yake hudai 400, na hapo utahitaji kifaa cha kupandisha volti.

Inveta za kupokea fezi moja hupatikana kwa wingi hadi kilowati 2.2, yaani nguvu za farasi 3 hivi. Ya kiasi hicho huweza kuvuta ampea 20 na zaidi, kwa hiyo isichomekwe kwenye soketi ya ampea 13; ivutiwe waya wake kutoka kwenye bodi ya stima, na fundi mwenye leseni.

Swichi ya zamani ya mashine isikae kati ya inveta na mota, kwa maana kukata umeme wa mota hapo huweza kuiharibu inveta. Nyaya za swichi hiyo zipelekwe kwenye sehemu ya inveta ya kupokea amri za kuwasha na kuzima. Inveta yenyewe ifungiwe mahali pasipofikiwa na vumbi la mbao lakini penye hewa ya kuipoza, na yeyote atakayeifungua kwanza aizime, kisha asubiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi dakika 5 hadi 10, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme unaoweza kuua.