Siku moja maishani mwangu: mthamini wa mashine za usafi, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi, Kimara

Wathamini wengi wa mjini hapa wanahangaika na nyumba na viwanja. Mimi nimeangukia kwenye mitambo iliyotumika, na leo zamu ni ya kampuni inayofanya usafi kwenye maofisi ya Posta na hospitali moja. Wanataka kukata bima ya mashine zao na broka wao kasema bila ripoti ya mthamini hakuna kinachoendelea. Kwenye begi natia tochi, kipima volti, haidromita ya kupima uzito wa maji ya betri, glovu na kitambaa. Kitambaa ni cha kufutia vile vibati vyenye namba ya mashine. Niamini, hakuna kitu kichafu kama mashine ya usafi.

Saa 2 na nusu, Chang'ombe

Mhasibu ananipokea stoo na orodha yake mkononi. Hata salamu hazijaisha ananiambia, "Dada, hizi nyingi kwenye vitabu zimeshafika sifuri. Kwa nini tuzilipie bima?"

Namjibu kwamba sifuri yake ni ya uhasibu. Mashine ikiungua leo, kesho asubuhi hospitali bado inataka sakafu isuguliwe, na duka halitamuuzia nyingine kwa sifuri. Mashine moja inaweza kuwa na bei tatu, zote halali: bei ya kununua mpya inayofanana nayo leo, bei ya ilivyo sasa baada ya kuchakaa, na bei ya kuiuza haraka ukiwa na shida ya ada za watoto. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaijua sana, na kwenye bima haina kazi. Kati ya mbili za kwanza, mkataba wa bima ndio unaosema itumike ipi. Kwa hiyo naomba rasimu ya mkataba kabla sijagusa mashine yoyote. Yao inasema fidia ni kwa bei ya mpya. Nairudisha kwenye faili huku nikijua jioni kutakuwa na simu.

Saa 4

Naanza na ile ya kusukuma kwa mkono, inayomwaga maji, kusugua na kuyanyonya kwa mkupuo mmoja. Kwa karatasi za ununuzi ina miaka 5. Mita ya saa inasoma 1,180. Napiga hesabu: hata dakika 40 kwa siku hazifiki, na hii inasemekana inafanya kazi hospitalini kila usiku. Namuuliza kijana anayeiendesha.

"Mita ya kwanza ilikufa dada, fundi akaweka nyingine."

Basi mita tunaiacha. Naangalia magurudumu, mpira wa mishikio ulivyolika, na sehemu inayobeba brashi. Nainua tangi la maji machafu, harufu inanipokea kabla ya mwanga wa tochi. Mpira wa nyuma unaokokota maji una kingo nne. Ukichakaa ukingo mmoja unageuzwa. Huu wameshaumaliza pande zote, ndiyo maana inaacha mistari ya maji sakafuni. Mpira ni bei ndogo, haunisumbui.

Betri ndizo zinanisumbua. Ziko nne za volti 6, jumla volti 24, na zimechajiwa usiku kucha. Kila moja ina vyumba vitatu, nachovya haidromita kimoja kimoja. Chumba kilichojaa chaji kinatakiwa kisome kama 1.27. Vingi hapa viko 1.25, kimoja kinasoma 1.12. Juu ya vichwa vya betri kuna unga mweupe. Kijana anakiri wanaongeza maji ya bomba yale ya betri yakiisha. Kuweka betri moja mpya kati ya tatu zilizochoka ni kuiua hiyo mpya, kwa hiyo nahesabu seti nzima imekwisha. Na bima hailipi betri iliyokufa kwa kuchakaa, hilo waliandike ukutani.

Hesabu yangu ni hivi. Tuseme mpya inayofanana nayo leo ni milioni 21 na maisha yake ya kawaida ni miaka 7. Kwa kugawa sawasawa imebaki milioni 6. Mimi sipendi kuishia hapo. Bodi na mota ni nzima, naipa miaka mitatu mbele badala ya miwili, inakuwa 9, natoa 2 za betri. Thamani ya sasa, milioni 7.

Za kupiga maji ya presha zinakwenda haraka. Nafungua mfuniko wa oili ya pampu: moja ina oili nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake sili zimeachia na maji yameingia. Nyingine ililetwa kutoka Marekani, ya volti 110, inaishi kwa transfoma. Naikata bei.

Saa 7 mchana, Gerezani

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta kazi au maswali?"

Maswali. Huyu fundi ananiambia spea zipi zinapatikana na zipi zimekatika, na hilo kwangu lina uzito kuliko umri. Mashine ya miaka minane yenye spea dukani inaishinda ya miaka mitatu inayosubiri kifaa kutoka nje.

Saa 8 na nusu, Barabara ya Nyerere

Nachukua proforma, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, za mashine mpya kwa wakala. Invoisi ya zamani siitumii, shilingi ya wakati ule siyo ya leo. VAT ya asilimia 18 naiweka pembeni, maana kampuni imesajiliwa kwa VAT na inaidai irudishwe na TRA, mamlaka ya mapato. Dobi mdogo ambaye hajasajiliwa ningemjumlishia.

Saa 10 jioni, ofisini

Simu imekuja. Mkurugenzi anataka niandike thamani ya sasa, jumla milioni 50, ada ya bima ishuke.

"Bosi, mkataba wako unalipa kwa bei ya mpya, na mpya zote ni milioni 80. Ukipata hasara ya milioni 16 watasema umekata bima ya 50 kwa 80. Watakulipa kwa uwiano huo huo, yaani milioni 10, na hapo hawajatoa ile sehemu unayobeba mwenyewe."

Kimya kidogo. "Kwa hiyo hiyo 6 naitoa wapi?"

"Mfukoni."

Nampa njia mbili: aandike 80, au abadilishe mkataba ulipe kwa thamani ya sasa, huku akijua 50 hiyo haitamnunulia mashine mpya. Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi: rasimu imetaja anwani ya stoo tu, na mashine zinalala hospitalini na Posta. Ikiibiwa huko, bishano lake sitaki hata kulifikiria. Mafuriko nayo hayamo, na hii ni Dar. Namwambia broka aongeze vyote viwili kabla ya kusaini.

Saa 1 usiku

Ripoti imeenda, yenye safu mbili za bei na picha za vibati vya namba. Mhasibu anatuma ujumbe: betri mpya wameshaagiza, je, naweza kuandika zimeshafungwa? Namjibu zikifungwa anitumie picha na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nitatoa nyongeza ya ripoti bila malipo.